Wivu wa Ndugu, Njaa ya Mtoto: Kesi Iliyochukua Miaka 30 Mulago

Sinema imeisimulia hadithi hii mara nyingi. Nyumba imepata kichanga, jamaa wanaingia na kutoka na pongezi zao, na mtoto mkubwa, aliyekuwa jana kipenzi cha wote, amesimama pembeni anawatazama. Hacheki wala halii. Mtazamaji anaanza kumwogopa. Mwaka 1993 filamu ya Marekani The Good Son, aliyoiigiza Macaulay Culkin, ilimfikisha mtoto wa aina hiyo mwisho wa njia: mdogo wake alikuwa amefia majini bafuni, na polepole tunatambua kwamba kaka mtu ndiye aliyemuua.

Kampala nayo ina historia yake ya mtoto aliyenuna mdogo wake anapokuja, na hii haikutungwa na mtu. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali ya Mulago ilimpokea tena na tena mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3, ambaye mama yake alikuwa na mimba nyingine au alikuwa amejifungua karibuni. Miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Ngozi ya mapajani imekuwa nyeusi kwa mabaka, nayo inachubuka kama rangi ya zamani ukutani. Nywele zimepungua na kugeuka rangi ya kutu. Akiguswa analia kwa sauti nyonge, akiachwa anageukia ukuta. Chakula anakisukuma. Wengi wa watoto hawa walikufa.

Swali lililowakabili wazazi na madaktari lilikuwa moja: nani anamdhuru mtoto huyu? Jibu lilichukua miaka 30 hivi kupatikana, na njiani walishukiwa wengi wasio na hatia, akiwemo mtoto ambaye hakuwa amezaliwa bado.

Tuhuma zilianzia nyumbani

Waganda walikuwa na jina la maradhi yaliyompata mtoto ambaye mama yake ameshika mimba kabla yeye hajamaliza kunyonya: obwosi. Maelezo yake hayakuwa mamoja. Wapo waliosema mimba imeyaharibu maziwa. Wapo waliosema aliye tumboni anamwonea wivu aliye kifuani, hataki kugawana mama naye. Vyovyote iwavyo, ziwa lilikuwa limegeuka hatari, na mtoto aliachishwa ghafla. Desturi iliruhusu pia apelekwe kwa jjajja, yaani bibi yake, akae huko mpaka asahau kunyonya.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Kwetu mtoto anayedhoofika mama yake akiwa na mimba changa huambiwa amebemendwa, na lawama huwaangukia wazazi waliorudiana mapema au mmoja wao aliyetoka nje ya ndoa. Accra, upande wa pili wa bara, Waga waliwaambia madaktari kwamba haya ni maradhi ya mtoto mkubwa, yanayomshika anapozaliwa anayemfuata. Waliyaita kwashiorkor, jina linalotumika sasa dunia nzima; sisi tunayaita unyafuzi. Jamii tatu zilizo mbali hivyo, na kila moja imeyafungamanisha maradhi na ujio wa ndugu.

Buganda ilikuwa na sababu ya ziada ya kuitafuta hatari ndani ya ukoo. Katika simulizi ya asili ya nchi hiyo, Kifo chenyewe ni jamaa. Walumbe, kaka yake Nambi, alimfuata dada yake duniani alipoolewa na Kintu, akaomba apewe mmoja wa watoto wa kumsaidia mapishi. Kintu alikataa, na watoto wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Hofu hiyo haijaisha katika fasihi. Riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi iitwayo Kintu, iliyotoka mwaka 2014, inafuata laana iliyoanza mwaka 1750 kwa kifo cha mtoto wa kulea mkononi mwa baba yake, na zaidi ya miaka 250 baadaye mmoja wa wazao anaandamwa na pacha wake aliyefariki.

Ni rahisi leo kuzicheka imani hizi. Tusizicheke. Akina mama wa Buganda, wa Accra na wa pwani yetu walikuwa wametazama kwa makini kuliko hospitali yoyote ya wakati ule. Walijua maradhi yanaanza lini na yanamshika mtoto yupi. Walichokosa ni kumjua mhalifu.

Hospitali nayo ikakosea

Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935. Aliwakuta madaktari wa enzi yake wakimweleza mtoto huyu kwa magonjwa waliyokwisha kuyajua: minyoo ya safura, kaswende ya kurithi, au pelagra, ugonjwa wa ngozi wa watu wanaoshindia mahindi. Trowell mwenyewe kwa miaka kadhaa aliamini ni aina ya pelagra ya watoto. Aliwatibu kwa msingi huo, na waliendelea kufa.

Wakati huohuo Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alikuwa ameandika mwaka 1933 kwamba tatizo huenda likawa lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwaka 1935 alichapisha tena katika jarida la The Lancet, safari hii akitumia jina alilopewa na akina mama Waga. Aliwasikiliza kabla ya kuandika, na hilo ndilo lililomtanguliza mbele ya wenzake.

Mulago ilileta ushahidi wa mwili. Mwaka 1948 J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia, alionyesha kwamba kongosho za watoto waliokufa zilikuwa zimesinyaa; seli zinazotengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula zilikuwa zimedhoofu. Maini nayo yalikuwa yamejaa mafuta. Mtoto mwenye tumbo lililotuna na mashavu yaliyofura, ambaye kwa macho ya mpita njia ameshiba, alikuwa ndani yake ana njaa kali.

Mwaka 1952 J.F. Brock na Marcel Autret, waliotumwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo kuzunguka Afrika, walitoa ripoti iliyoutaja unyafuzi kuwa mbaya na ulioenea kuliko maradhi yote ya lishe yaliyojulikana. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikuwa na kitengo maalumu Mulago, chini ya R.F.A. Dean, aliyekuwa amewashughulikia watoto wenye njaa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean wakatoa kitabu cha pamoja kuhusu unyafuzi.

Maelezo yao yaliuleta mgomba mahakamani. Matooke, chakula kikuu cha Buganda, ni laini na hushibisha, lakini protini yake inakaribia asilimia 1 tu. Mtu mzima anakula kwa mboga, maharage, karanga na samaki, na upungufu unazibika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana tumbo dogo. Hulijaza kwa matooke kabla mboga haijamfikia. Alipokuwa ananyonya, maziwa ya mama yalimsitiri. Siku aliyoachishwa, sitara ile iliondoka.

Mtoto aliyekuwa mchangamfu

Chakula peke yake hakikueleza ule uso. Kwa nini mtoto alinuna hivi, na kwa nini alikataa hata alichopewa?

Katikati ya miaka ya 1950 Marcelle Geber, mtaalamu Mfaransa wa saikolojia ya watoto, alikuja Kampala kuchunguza upande huo. Aliwapima pia watoto wazima wa Kiganda, na mwaka 1957 yeye na Dean walichapisha katika The Lancet kwamba vichanga wa Kiganda walishikilia vichwa vyao na kufuata vitu kwa macho mapema kuliko vichanga wa Ulaya. Watafiti wa baadaye wamebishana sana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Lakini Geber aliona jambo jingine: uchangamfu ule ulififia baada ya kuachishwa ziwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni mchana kutwa, akalala na mama na kunyonya kila alipotaka, aliyapoteza yote kwa pamoja.

Wakati uleule mwanasaikolojia mwingine alikuwa akitembelea vijiji karibu na Kampala. Mary Ainsworth alifika mwaka 1954 pamoja na mumewe, akapata msaada wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Alitoka London, alikofanya kazi na John Bowlby, aliyeshikilia kwamba mtoto akitenganishwa na mama huumia kwa njia inayodumu. Ainsworth alitarajia kuyaona majeraha hayo kwa watoto waliopelekwa kwa bibi zao. Hakuikuta desturi hiyo ikifuatwa kama alivyoambiwa. Wengi walibaki na mama zao.

Hakufunga daftari. Kwa takriban miezi 9, kila baada ya wiki mbili hivi, aliketi sebuleni katika familia 26 zenye watoto 28, akiwa na mkalimani, akitazama jinsi mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anavyogeuka kuhakikisha mama yupo, anavyolia mama akitoka. Watoto 16 aliwaona wametulia katika mapenzi ya mama, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa hawajashikamana bado. Aligundua kwamba watoto waliotulia ndio ambao mama zao waliweza kumsimulia habari zao kwa undani: mtoto anapenda nini, anaogopa nini, leo ameanza kufanya nini. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967, na sehemu ya misingi ya nadharia ya jinsi mtoto anavyoshikamana na mama, inayofundishwa leo katika vyuo vya saikolojia ulimwenguni, iliwekwa katika sebule hizo za Buganda.

Tukiunganisha kazi za watu hawa, mashtaka dhidi ya mtoto yanaanguka. Yule aliyeonekana mkaidi na mwenye kinyongo alikuwa amepungukiwa protini, na mara nyingi pia mgongo wa mama. Kununa kwake ni dalili ya maradhi kama ulivyo uvimbe wa miguu. Madaktari wa Mulago walijifunza kusubiri ishara moja kuliko hata mizani: siku mtoto alipotabasamu, walijua atapona.

Mwanamugimu

Kujua mhalifu hakukumaliza kesi. Tiba ya miaka ya 1950 ilikuwa maziwa ya unga, na hospitalini yaliokoa wengi. Mitaani yalileta balaa jingine. Mama aliyeona maziwa ya kopo yakimwinua mtoto wodini aliamini, kwa mantiki kabisa, kwamba ndiyo bora. Hebe Welbourn, daktari aliyehudumia kliniki za watoto karibu na Kampala, alionya mwaka 1958 kuhusu chupa: maji machafu, unga uliozidishwa maji ili kopo lidumu, na watoto wanaorudi hospitalini wakihara. Nayo wodi ilikuwa ikiwaruhusu waliopona, kisha baada ya miezi kadhaa inawapokea tena.

Jibu lilizaliwa mwaka 1965: kituo cha Mwanamugimu, Mulago. Jina limetoka katika methali ya Kiganda inayosema mtoto mwenye afya hutokana na malezi ya tangu mbelekoni. Hapa mama alilazwa pamoja na mtoto, na tiba akaipika yeye. Alifundishwa kitobero: matooke yaliyopondwa pamoja na maharage au karanga za kusagwa, na pengine yai, dagaa au mboga za majani. Mchanganyiko unafungwa katika kipande cha jani la mgomba kilichopitishwa motoni, kifurushi cha ukubwa wa ngumi kiitwacho ettu, kisha unawekwa ndani ya sufuria ileile inayochemsha matooke ya nyumba nzima. Hauhitaji jiko la pili, kuni za ziada wala kopo kutoka Ulaya. Sehemu ya mtoto inakuwa yake, haipotei kwenye sinia la wakubwa.

Uganda ilipoingia katika miaka ya Idi Amin, wataalamu wengi waliondoka na dawa zikaadimika. Mwanamugimu iliendelea, kwa sababu ujuzi wake ulikuwa umeshahamia mikononi mwa akina mama. Ipo hadi leo.

Fundisho la Mulago

Sayansi bado inaifuatilia kesi hii. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia jozi 317 za mapacha nchini Malawi walichapisha matokeo ya kustaajabisha: nyumba moja, sufuria moja, pacha mmoja anapata utapiamlo mkali na mwenzake hapati. Sehemu ya maelezo waliyaona katika bakteria wa utumbo. Kwa hiyo protini si hadithi yote. Lakini hata hapo, pacha mzima hajamla mwenziwe.

Mwaka 2016 karibu watoto 3 katika kila 10 wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Unyafuzi umepungua, lakini kimo kilichopotea hakirudi kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka 2 na zaidi, na mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mimba ikija mapema, kwa kawaida maziwa ya mama hayageuki sumu. Anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri, kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Naamini historia hii inatudai jambo moja kila kichanga kinapozaliwa. Kliniki inampima mama na kichanga. Imuulizie na yule wa kabla yake. Jamaa wanaokuja na zawadi wamletee na yeye yai. Na mtu anapoona mtoto wa miaka miwili amekaa pembeni, kanuna, hataki kucheza, asimwambie mama kwamba ana wivu akamwacha hapo. Amwangalie miguu, amwangalie nywele, aulize alikula nini jana. Watoto wengi wa Kampala wangepona mapema kama swali hilo la mwisho lingeulizwa kwanza.