Tuache Kucheka Kitambi cha Waziri

Kuna klipu yangu moja ya mwaka jana ambayo mlishea sana. Nimeweka mto ndani ya shati, naigiza mwanasiasa anavyotembea, anavyomeza maneno, anavyojipangusa jasho. Watu walicheka mpaka basi. Halafu binamu yangu akaniuliza swali moja tu: "Sawa, nimecheka. Lakini huyo jamaa amefanya nini?" Sikuwa na jibu. Enyewe iliniuma.

Ndio nikaanza kufuatilia kazi za Armando Iannucci, na leo nataka tuongee kumhusu.

Huyu ni mwandishi wa vichekesho aliyezaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1963. Baba yake alitoka Naples, Italia, ndio maana jina halisikiki kama la Mskoti. Alisoma Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akaenda Oxford kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu Milton, yule mshairi wa Paradise Lost. Hakuimaliza. Aliacha, akaingia redio kuchekesha watu. Hebu jaribu kumweleza mzazi wako hiyo stori uone.

Mwaka wa 1991 akatoa On the Hour kwenye BBC Radio 4. Hapo hakuiga sauti ya mtu fulani. Aliiga taarifa ya habari yenyewe: ile sauti nzito, ule muziki wa kutisha, mtangazaji anasoma upuzi kama vile nchi imevamiwa. Mwaka wa 1994 ikahamia televisheni kwa jina The Day Today. Ukishaiona, huwezi tena kutazama habari bila kushuku kidogo.

Lakini kazi iliyonifungua macho ni The Thick of It, iliyoanza 2005. Katika kipindi cha kwanza, waziri na wasaidizi wake wako ndani ya gari wakienda kukutana na wanahabari. Tangazo walilokuwa nalo limefutwa na wakubwa. Sasa wanakuna vichwa watafute sera mpya kabla gari halijafika. Sera! Kitu kitakachogusa maisha ya mamilioni, kinatungwa kwenye kiti cha nyuma na watu walioshikwa na baridi ya uoga.

Na bosi wa uoga huo ni Malcolm Tucker, aliyechezwa na Peter Capaldi. Hakuchaguliwa na mtu, kazi yake ni kulinda sura ya serikali, na mawaziri wanamtetemekea. Matusi yake ni ya kiwango kingine, mpaka timu ilikuwa na mwandishi, Ian Martin, aliyeitwa mshauri wa matusi. Usitazame na mama.

Ukweli wa vichekesho hivyo unatoka kwa utafiti. Akiandaa filamu ya In the Loop (2009), inayohusu maofisa wa Uingereza na Marekani wakisukumana kuelekea vitani, Iannucci aliingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa kuonyesha tu kitambulisho chake cha BBC. Akazunguka humo akipiga picha za ofisi ili wajenzi wa seti wazione. Halafu kuna Veep, iliyoanza 2012: makamu wa rais anauliza kila mara kama rais amepiga simu. Hajapiga. Hiyo tu, na umeelewa cheo kisicho na nguvu kinafananaje. Mwaka wa 2015 Veep ilishinda Emmy ya kipindi bora cha vichekesho.

Msidhani hadithi yote ni tamu. Kipindi chake ndicho kilichozaa neno omnishambles, yaani mambo yameharibika kila upande. Mwaka wa 2012 kiongozi wa upinzani, Ed Miliband, akalitumia bungeni kushambulia bajeti ya serikali. Yaani kejeli dhidi ya wanasiasa ikawa silaha ya wanasiasa. Hapo ndipo naona mpaka wa kicheko: wenye mamlaka wanaweza kucheka nawe, wakaazima maneno yako, na kesho wakaendelea vilevile.

Lakini si wote wanaocheka. Mwaka wa 2017 alitoa The Death of Stalin. Dikteta ameanguka sakafuni, na wasaidizi wanaogopa hata kuita daktari, kwa sababu madaktari wazuri walishakamatwa. Unacheka huku tumbo limekaza. Januari 2018, siku chache kabla haijaanza kuonyeshwa kwenye sinema za Urusi, wizara ya utamaduni huko ikafuta kibali chake. Stalin alifariki 1953! Miaka 65 hivi baadaye, kicheko bado kinamtisha mtu.

Kwani waliogopa nini? Si masharubu ya Stalin. Filamu inaonyesha jinsi uoga unavyoendesha ofisi: nani anamtii nani, nani anapiga kura kwa kuangalia mkono wa jirani. Kitambi ni cha mtu mmoja, akiondoka kinaondoka naye. Mfumo unabaki, na anayekuja anaukalia palepale.

Kwa hivyo mto wangu umerudi kitandani. Klipu inayokuja ni ya ofisi, simu isiyolia, na faili inayozungushwa kwa meza tano. Labda haitashewa kama ile nyingine. Lakini binamu yangu akiniuliza jamaa amefanya nini, safari hii nitamjibu.