Konstanti ya Msokoto na Imani Tunayoipa Programu

Mhandisi akiingiza mkato wa umbo lisilo la kawaida katika programu ya uchanganuzi wa miundo, hupewa jedwali moja: eneo, kitovu cha eneo, momenti za inesha, mihimili mikuu na konstanti ya msokoto. Namba zote zina desimali sawa, nasi huzipa imani sawa. Nadai hapa kwamba ya mwisho haistahili imani hiyo mpaka ithibitishwe peke yake.

Momenti ya inesha ya umbo lenye kingo zilizonyooka hupatikana kwa jumla inayokokotolewa kutoka majiranukta ya kona zake, bila kukadiria chochote. Kosa likitokea, aghalabu ni la msomaji. Chuma cha engo cha milimita 100 kwa 100, unene 10, kina inesha ya takriban sm⁴ 177 kwenye mhimili ulio sambamba na ubawa wake, ila sm⁴ 73 tu kwenye mhimili mkuu dhaifu. Nguzo iliyo huru kupinda upande wowote itafuata namba ya pili.

Msokoto una asili nyingine. Tangu uchunguzi wa Saint-Venant wa mwaka 1855 tunajua kwamba mkato usio wa duara haubaki bapa unaposokotwa. Hivyo jumla ya inesha mbili haiwezi kushika nafasi ya konstanti ya msokoto. Sharti mlinganyo utatuliwe ndani ya umbo zima, na kwa maumbo mengi programu hufanya hivyo kwa makadirio, ikiligawa umbo katika vipande vidogo.

Chukua bomba lenye nusu kipenyo cha wastani cha milimita 50 na unene wa milimita 5. Konstanti yake ni takriban mm⁴ milioni 3.93. Lipasue kwa ufa mwembamba kuanzia mwanzo hadi mwisho: eneo na inesha hazitikisiki, lakini konstanti ya msokoto inaporomoka hadi mm⁴ 13,090 hivi, yaani sehemu moja ya 300. Hapo ndipo hatari ilipo. Ncha mbili zisizokutana kwenye mchoro hugeuza bomba kuwa bati lililokunjwa. Bati mbili zinazogusana tu bila kuchomelewa, programu ikizisoma kama kipande kimoja, hupewa ugumu zisiokuwa nao. Anayekagua eneo na inesha peke yake hataona lolote.

Uthibitisho upo, na si mgumu. Ukokotozi unaotumia kujikunja kwa mkato hukaribia jibu kutoka juu. Unaotumia kitendakazi cha mkazo, alichokieleza Prandtl mwaka 1903, hulikaribia kutoka chini. Mhandisi anayetoa konstanti ya mkato wake mwenyewe atoe namba zote mbili, aseme vipande vilikuwa vingapi, na aonyeshe viungo vipi vimechomelewa kweli.