Simba katika nembo za mataifa: Burundi inaye, Rwanda haina

Nyakarenzo, wilayani Rusizi, iko kusini-magharibi mwa Rwanda, karibu na mipaka ya Burundi na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hizi tatu jirani zina nembo zinazotofautiana sana.

Burundi ina kichwa cha simba wa dhahabu juu ya ngao nyekundu, na mikuki mitatu nyuma yake. Nembo ya Kongo, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ina kichwa cha chui kati ya pembe ya ndovu na mkuki. Rwanda, katika nembo yake ya mwaka 2001, haikuweka mnyama yeyote: kuna jua, mtama, kahawa, kikapu cha asili, gurudumu lenye meno na ngao mbili.

Simba alitoka wapi?

Elimu ya nembo ilikua Ulaya katika karne ya 12, wakati ngao ya shujaa ilipohitaji alama ya kumtambulisha vitani. Simba alichaguliwa kuwa ishara ya ushujaa na mamlaka, hata katika nchi zisizokuwa na simba mwituni. Mkao wake una maana katika elimu hiyo: huyu husimama kwa miguu ya nyuma, kucha zikiwa tayari, yule hutembea akimkabili mtazamaji. Huyo wa pili Wafaransa wa kale walimwita chui, ingawa ana manyoya ya shingoni.

Simba wa dhahabu wa Ubelgiji, aliyerithiwa kutoka Brabant, alikuwa alama ya dola iliyotawala Ruanda-Urundi hadi mwaka 1962.

Urithi wa nani?

Hata hivyo, si kila simba katika nembo zetu ni wa kuazima. Buganda ina simba chini ya ngao na mikuki yake, na ukoo wa Mpologoma, yaani Simba, ni miongoni mwa koo zake. Nchini Kenya, simba wawili wameishika ngao na mikuki juu ya neno Harambee. Hapo mnyama ni mlinzi wa umoja, wala si mtawala.

Rwanda ilichagua njia nyingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, nembo mpya ilikusudiwa kuwaunganisha raia kwa kazi na mavuno, chini ya maneno Ubumwe, Umurimo, Gukunda Igihugu: umoja, kazi, kuipenda nchi.

Simba mwenyewe amerejea kwa njia tofauti. Mwaka 2015, simba 7 kutoka Afrika Kusini waliletwa katika Hifadhi ya Akagera, takribani miaka 20 baada ya kutoweka nchini.