Walimu wa dini wa Kilutheri nchini Tanzania

Walimu wa dini wa Kilutheri nchini Tanzania ni waumini walei waliofundisha kusoma, kuandika na katekisimu vijijini tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi mtu mmoja alikuwa mwalimu wa shule siku za juma na kiongozi wa ibada siku ya Jumapili. Kazi hizo mbili zilitenganishwa hatua kwa hatua na sera za elimu, kwanza za serikali ya kikoloni, kisha za Tanzania huru.

Mwanzo

Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Wakiwa wachache, waliwategemea vijana waliobatizwa kufungua shule katika vijiji vya mbali. Mwaka 1912 Marangu ikawa na chuo cha kuwaandaa walimu hao. Misioni ya Berlin ilifuata njia hiyohiyo katika nyanda za juu za kusini, na Misioni ya Bethel huko Usambara na, kuanzia mwaka 1910, Buhaya.

Miaka bila wamisionari

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani mwaka 1920. Wakati huo hapakuwa na mchungaji Mchagga hata mmoja; wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Shule, ibada za Jumapili na mafundisho ya ubatizo vilibaki mikononi mwa walimu. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, na Wajerumani walianza kurudi mwaka 1925, lakini walikuta sharika zilizozoea kuongozwa na wenyeji.

Ruzuku ya serikali

Kufuatia ziara ya tume ya Phelps-Stokes mwaka 1924, serikali ya Tanganyika ilikubali kuzipa ruzuku shule za misheni zilizofuata mtaala wake na kuwa na walimu wenye sifa. Shule ndogo za vijijini, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa dini, hazikupata kitu. Hivyo yalitokea makundi mawili: mwalimu mwenye cheti, aliyelipwa kutokana na ruzuku, na mwalimu wa dini, aliyetegemea sadaka za usharika na shamba lake mwenyewe.

Hata hivyo ualimu uliendelea kuwa njia ya kuingia katika uongozi. Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lililoundwa mwaka 1963, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Ndivyo alivyokuwa pia Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977–1984).

Baada ya kutaifishwa kwa shule

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za madhehebu chini ya serikali. Walimu wakawa watumishi wa serikali, na utengano ukakamilika. Madhehebu yaliruhusiwa kutuma walimu wao katika vipindi vya dini, lakini gharama ilibaki kwa madhehebu yenyewe.

Kasulu na Kibondo

Katika nyanda za juu za Kigoma historia ni tofauti. Shule za misheni huko Buha zilikuwa hasa za Wakatoliki na Waanglikana. Kazi kubwa ya Kilutheri ilikuja kwa njia ya wakimbizi, kupitia TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Kilutheri Duniani. Shirika hilo lilihudumia kambi za Kasulu na Kibondo, hasa baada ya vita vya Burundi kuanza mwaka 1993. Kwa hiyo huko Walutheri hawakuacha nyuma mtandao wa shule za vijijini kama ule wa Kilimanjaro au Buhaya.

Hali ya sasa

Leo kazi ya mwalimu wa dini hufanywa zaidi na wainjilisti, ambao husomea katika vyuo vya Biblia kama kile cha Mwika. Hufundisha shule ya Jumapili, kipaimara na vipindi vya dini shuleni. Katika shule za sekondari, Maarifa ya Biblia ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.