Safari ya Prisila na Akila, kutoka Roma hadi Efeso



Tarehe 8 ya mwezi wa saba, kitabu cha watakatifu cha Kanisa la Roma kinawakumbuka Akila na Prisila, mume na mke. Hawakuwa mapadri wala watawa. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, na karibu kila tunachokijua juu yao kinawaonyesha wakihama, au wakianza maisha upya katika mji wa ugeni. Tumependa kuifuata safari yao hatua kwa hatua, kwa sababu katika mashirika yetu kuna nafasi za familia zilizoondoka. Wengine walivuka ziwa wakikimbia vita, na hadi leo wako kambini Nyarugusu au Nakivale. Wengine walifuata kazi au masomo, nao wako Ulaya na Marekani. Familia hizo zinatuachia swali: watu wa ndoa wanapoanza upya katika nchi ya watu, imani yao inasafiri namna gani?

Amri ya Kaisari

Akila alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ponto, jimbo lililokuwa kando ya Bahari Nyeusi, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki. Kwa hiyo hata Roma alikuwa mgeni. Mkewe, Luka anamwita Prisila, na Mtume Paulo anamwita Priska. Ni jina moja. Wote wawili walikuwa na majina ya Kilatini, wakafanya kazi ya mikono katika mji mkuu wa dola.

Karibu mwaka 49, Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Roma. Luka anaitaja amri hiyo katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume, na mwandishi Mrumi Suetonio anaitaja pia. Suetonio anasema kwamba kulikuwa na fujo zilizochochewa na mtu aitwaye Kresto. Wataalamu wengi wanaona kwamba hilo ni jina la Kristo lililosikika vibaya: katika masinagogi ya Roma watu walikuwa wakigombana juu ya Yesu, na serikali, isiyojali nani anaamini nini, ikawafukuza wote pamoja.

Wasomaji wetu wa Kivu na wa Tanganyika hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Amri inatoka, na mtu asiye na kosa anafunga mlango wa kazi yake. Anaacha wateja, anaacha madeni ambayo hatalipwa tena, anaacha majirani. Anachukua kile ambacho mabega yanaweza kubeba.

Njiani

Luka hasimulii walivyosafiri. Anasema tu kwamba walikuwa wametoka Italia siku za karibu. Lakini njia za wakati ule zinajulikana. Barabara kuu ya kutoka Roma kuelekea mashariki ilikuwa ile ya Apio, iliyoanza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo. Ilitandikwa mawe, ikashuka kusini mwa Italia hadi bandari ya Brindisi, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Mtu wa miguu anayekwenda kilomita 25 kwa siku alihitaji kama majuma matatu. Tajiri alikuwa na gari la kukokotwa na nyumbu. Fundi alikuwa na miguu yake. Usiku msafiri alilala katika nyumba za wageni zilizosifika kwa wizi na uchafu, na ndiyo sababu Wakristo wa kwanza walihimizana sana juu ya ukarimu. Kwenye barabara hiyohiyo, miaka kumi hivi baadaye, ndugu wa Roma walitoka kumlaki Paulo aliyekuwa amefungwa, wakamkuta penye Soko la Apio na Mikahawa Mitatu.

Toka Italia ilibidi kupanda chombo. Bahari nayo ilikuwa na majira yake: toka mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa tatu vyombo vingi vilikaa bandarini kwa kuogopa dhoruba. Aliyefukuzwa wakati mbaya alikuwa na kazi ya kungoja.

Katika mzigo wao, kitu chenye thamani kilikuwa chepesi. Fundi wa mahema hahitaji tanuru wala mashine kubwa. Anahitaji visu, sindano nene za kutobolea ngozi na turubai, nyuzi imara, na mikono iliyozoea. Kazi yao iliweza kuingia mfukoni, ikafunguliwa tena popote penye watu.

Korintho

Walifika Korintho. Warumi walikuwa wameuangamiza mji huo mwaka 146 kabla ya Kristo, na miaka mia baadaye, mwaka 44, Yulio Kaisari akaujenga upya, akaleta watu wa kukaa humo, wengi wao watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa wahamiaji. Ulikaa penye shingo nyembamba ya nchi, isiyofika kilomita 7, kati ya bahari mbili, ukawa na bandari mbili: Lekayo upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Mabaharia, wafanyabiashara na watazamaji wa michezo iliyofanyika karibu na hapo kila baada ya miaka miwili, wote walihitaji mahema na vivuli. Mafundi wawili wasingekosa kazi.

Vyumba vya maduka vilivyofukuliwa Korintho vinatuonyesha mahali ambapo mafundi wa namna yao walifanya kazi: chumba kimoja cha upana wa mita 3 au 4, kilichofunguka barabarani, mara nyingi na roshani ndogo ya kulala juu. Kwa watu wenye nyumba ya namna hiyo ndipo Paulo alipobisha hodi, akitoka Athene peke yake. Alikuwa na ufundi uleule. Wakampokea, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Tunaweza kuukadiria mwaka, kwa sababu Luka anasema kwamba Paulo alishtakiwa mbele ya liwali Galio, na jiwe lenye maandishi lililopatikana Delfi linaonyesha kwamba Galio alikuwa liwali karibu na mwaka 51.

Hapa kuna jambo la kutazama kwa makini. Paulo mwenyewe anawataja watu aliowabatiza Korintho: Krispo, Gayo na nyumba ya Stefana. Akila na Prisila hawamo. Luka naye hasemi popote kwamba waliongoka kwa mahubiri ya Paulo. Inaelekea basi kwamba walikuwa wamekwisha kumwamini Kristo walipotoka Roma. Kama ni hivyo, imani iliingia Korintho kabla ya Mtume, ikaingia katika mzigo wa mume na mke waliofukuzwa. Amri iliyotaka kunyamazisha magomvi juu ya Kristo katika mji mmoja ilimpeleka Kristo katika mji mwingine.

Efeso, Roma na kurudi

Baada ya mwaka mmoja na nusu na zaidi, Paulo aliondoka, na Prisila na Akila wakaondoka naye. Safari hii hatusikii kwamba mtu yeyote aliwafukuza. Walishuka Kenkrea, wakavuka bahari karibu kilomita 400 mpaka Efeso, mji mkubwa uliojivunia hekalu la Artemi. Paulo akaendelea kwenda Siria. Wao akawaacha pale. Kwa miezi mingi Mtume hakuwapo, na waliobaki mahali pake walikuwa fundi na mkewe.

Ndipo akatokea Apolo, mwenyeji wa Aleksandria, msomi mwenye ulimi wa ufasaha. Alifundisha habari za Yesu kwa bidii, ila alijua ubatizo wa Yohane tu. Prisila na Akila walimsikiliza sinagogini. Hawakumkatiza wala hawakumwaibisha mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza Njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Alipotaka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso wakamwandikia barua ya kumtambulisha, naye akawa nguzo ya Wakristo wa Korintho.

Paulo alipoandika kutoka Efeso kwa Wakorintho, alipeleka salamu za Akila na Priska pamoja na kanisa lililokutana nyumbani mwao. Klaudio akafa mwaka 54. Karibu mwaka 57 Paulo aliwaandikia Warumi, na katika orodha ndefu ya watu anaowasalimu, wa kwanza ni Priska na Akila: wamerudi Roma, na tena kuna kanisa nyumbani mwao. Mtume anaongeza kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake, na kwamba makanisa yote ya mataifa yanawashukuru. Waraka wa pili kwa Timotheo unawasalimu tena, upande wa Efeso.

Mara sita Agano Jipya linawataja, na mara zote sita wanatajwa pamoja. Mara nne kati ya hizo jina la mke linatangulia, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. Mtakatifu Yohane Krisostomo, katika karne ya nne, aliligundua jambo hilo akalihubiri kwa waamini wake. Na tarehe 7 ya mwezi wa pili 2007, Papa Benedikto wa 16 alitoa katekesi yake ya Jumatano juu yao, akionyesha deni ambalo Kanisa linalo kwa walei na kwa familia zilizowapokea mitume.

Tunajifunza nini

Wengi wetu tunapohama tunasema: ngoja kwanza tutulie, tupate kazi, tupate nyumba nzuri, kisha tutarudi kwenye mambo ya sala na ya shirika. Ni maneno ya busara, na si ya watu wabaya. Lakini Prisila na Akila hawakutulia kamwe. Roma, Korintho, Efeso, Roma tena: kama wangengoja kutulia, nyumba yao isingekuwa kanisa hata siku moja. Walianza na chumba walichokuwa nacho, pamoja na harufu ya ngozi na turubai. Maaskofu wetu walipochagua mwaka 1961 kulijenga Kanisa la Kongo juu ya jumuiya hai za Kikristo, na Kardinali Malula alipowakabidhi walei wenye ndoa uongozi wa parokia za Kinshasa miaka ya 1970, walikuwa wakirudia njia ambayo watu hawa wawili walikwisha kuikanyaga.

Tunajua vilevile kwamba si kila familia inaweza kusafiri pamoja. Vita vinatenganisha, mipaka inafungwa, na mara nyingi baba anatangulia huku mama akibaki na watoto miaka na miaka. Mfano wa watakatifu hawa haukutolewa ili kuwahukumu hao. Unatudai sisi tunaobaki. Je, mke aliyeachwa peke yake na watoto ana mtu wa shirika anayemtembelea, au tunamwachia mitaa imseme? Familia inapoaga, je, tunaiandikia barua ya kuitambulisha kwa parokia ya huko iendako, kama ndugu wa Efeso walivyomwandikia Apolo?

Na upande wa pili wa safari uko kwetu pia. Kila juma wanaingia katika miji yetu watu waliokimbia vijiji vyao, wenye ufundi mikononi na wasio na mahali pa kuufanyia. Korintho, aliyebisha hodi alikuwa Paulo, na waliomfungulia hawakuwa wenyeji. Walikuwa wageni wenzake, waliofika karibuni kwa amri ya Kaisari. Hawakusema kwamba wao wenyewe wamepungukiwa. Walimpa mahali pa kulala na nafasi mezani pa kazi, na kutoka chumba hicho Injili ikatangazwa Korintho yote.

Tunaomba kila shirika, katika kikao chake kijacho, liandike majina ya familia zake zilizoko mbali na majina ya familia zilizowasili, liyasome kwa sauti wakati wa sala, kisha lichague nani atapiga simu na nani atabisha hodi.

Watakatifu Prisila na Akila, mtuombee.