Kutoka Kisiwani hadi Uani: Olivier Nsengimana na Uhifadhi wa Korongo-taji katika Bonde la Ziwa Viktoria

Historia ya uhifadhi katika mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria imezoeleka kuandikwa kama historia ya visiwa. Mwaka 1964 kisiwa cha Saanane, mkabala na mji wa Mwanza, kilifanywa bustani ya wanyama. Mwaka uliofuata Rubondo ikawa pori la akiba. Wavuvi waliokuwa wakiishi humo walihamishwa, na kati ya 1966 na 1969 wakashushwa sokwe waliotoka Ulaya. Mantiki ilikuwa moja: tenga ardhi, ondoa watu, weka wanyama.

Makala haya yanadai kwamba mantiki hiyo haitoshi kumweleza, wala kumwokoa, korongo-taji. Ndege huyu mwenye ushungi wa dhahabu hutaga vinamasini lakini hutafuta chakula mashambani na malishoni, miongoni mwa watu. Kwa hiyo inafaa kutazama upande wa juu wa bonde, nchini Rwanda, ambako maji ya kinamasi cha Rugezi huanza safari ya kuufikia mto Kagera na hatimaye ziwa letu.

Huko, Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama aliyewahi kuwatibu sokwe wa milimani, aliamua kumshughulikia korongo. Tangu 2012 ndege huyu amehesabiwa kimataifa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Nchini Rwanda adui hakuwa jangili mwenye bunduki. Makinda yalichukuliwa vinamasini na kuuzwa kwa hoteli na kwa kaya zenye uwezo, ambako korongo alikuwa pambo la bustani na ishara ya utajiri na maisha marefu. Mabawa yalikatwa manyoya, au yalivunjwa kabisa.

Kuanzia 2014, akishirikiana na serikali, Nsengimana aliwaomba wafugaji wajitokeze bila kuadhibiwa. Ndege walisajiliwa, wakavishwa pete miguuni na kupimwa afya. Wenye uwezo wa kuishi porini wakapelekwa Akagera. Kwa maoni ya mwandishi, pete ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko msamaha wenyewe. Sajili ikishakamilika, korongo asiye na pete katika ua wa mtu hawezi tena kuitwa mazoea ya zamani. Sheria ilipata mahali pa kuanzia bila kumfanya kila mwenye bustani kuwa mhalifu. Mwaka 2015 alianzisha shirika lake la uhifadhi, na 2018 akapewa Tuzo ya Whitley.

Sensa ya 2017 ilihesabu korongo 487 nchini kote; hesabu za miaka ya baadaye zimevuka 1,000. Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, kwani wahesabuji wanapoongezeka na kuzoea vinamasi, ndege wanaoonekana huongezeka pia. Hata hivyo, idadi ya waliorudishwa Akagera haitoshi peke yake kueleza tofauti hiyo.

Linabaki suala la waliovunjwa mabawa. Hao wanatunzwa jijini Kigali, katika kinamasi kilichofufuliwa kiitwacho Umusambi Village, na wageni huenda kuwatazama. Msomaji anayeijua Saanane atauliza kama hii si bustani ya wanyama kwa jina jingine. Kwa kiasi fulani ndiyo. Ila Saanane iliwatoa wanyama porini ili watazamwe, na hawa walitolewa uani wakiwa tayari hawawezi kuruka.