Askari Aliyerudi Mikono Mitupu: Usuli na Hulka ya Matuko Weye katika Kidagaa Kimemwozea

Utangulizi

Mhusika askari ana historia ndefu katika fasihi ya Afrika Mashariki, lakini uhakiki haujamtendea haki. Mara nyingi huchukuliwa kuwa chombo cha dola tu: mkono unaopiga, buti linalokanyaga, sauti inayotoa amri. Pale anapojitokeza askari mwenye moyo mkunjufu, yaani askari ambaye utu wake haukuuawa na kazi yake, wahakiki humpita haraka au humweka katika kapu la wahusika wa kuchekesha. Makala haya yanadhamiria kumchunguza mhusika mmoja wa aina hiyo, Matuko Weye, katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012). Hoja ya msingi ni kwamba hulka ya mhusika huyu haiwezi kueleweka barabara bila kurejelea historia ya eneo lililomlea mtunzi, yaani Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya. Historia hiyo ndiyo inayoeleza mambo mawili ambayo msomaji wa juujuu huyaona kuwa mzaha: wazimu wa askari huyu na umaskini wake.

Ni kweli kwamba riwaya haiitaji Bungoma wala Kitale. Mandhari yake ni Sokomoko, mahali pa kubuni katika nchi ya kubuni. Hata hivyo, mandhari ya kubuni hayaoti hewani. Yana udongo wake. Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Cherangani, katika eneo la Trans Nzoia ambalo mji wake mkuu ni Kitale. Katika riwaya yake ya kwanza, Siku Njema (1996), aliutaja mji huo waziwazi: shujaa wake anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Katika Kidagaa jina limeondolewa, lakini muundo wa ardhi, wa mamlaka na wa kumbukumbu umebaki. Mtunzi alifariki mwezi Aprili 2020, na kazi ya kuufukua udongo huo sasa imewabakia wahakiki.

Askari katika kumbukumbu ya Bungoma

Neno askari halikuingia Bungoma kwa amani. Mwaka 1895, C. W. Hobley aliongoza msafara wa kijeshi dhidi ya Wabukusu, na ngome zao za Lumboka na Chetambe zikavunjwa. Waliopigana upande wa serikali hawakuwa Wazungu watupu. Walikuwamo askari wa Kisudani pamoja na wasaidizi wa Kiafrika kutoka jamii nyingine. Kwa hiyo tangu mwanzo askari alikuwa fumbo: mtu mweusi kama mwenyeji, aliyekuja na bunduki ya mgeni.

Fumbo hilo lilizidi kuwa gumu pale vijana wa eneo hilo wenyewe walipotwaliwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika wengi wa Kenya hawakupewa bunduki bali mizigo. Walikuwa wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi chao limesalia katika mitaa ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Pili, Wakenya wapatao 98,000 walitumikia jeshi la Uingereza. Baadhi yao walikuwa katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu walikiita Keya. Wengine walikuwa katika vikosi vya kazi, usafiri na mawasiliano. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw, msimu wa masika, penye matope, malaria na maadui waliojificha msituni. Wengine hawakufika hata huko: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, na zaidi ya watu 1,200 wakafa maji, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki.

Matuko Weye ni mtoto wa historia hiyo. Riwaya inamtambulisha kuwa askari wa zamani aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili na akarudi nyumbani akili imemruka. Watoto humcheka, watu wazima humkwepa, na wenye mamlaka humvumilia hadi pale anapofungua kinywa mbele ya hadhara. Hapo ndipo wanapomkumbuka kwa pingu.

Majununi na Matuko: askari wawili, malipo mawili

Swali ambalo riwaya inalichokoza bila kulitamka ni hili: vita vikiisha, nani hulipwa? Historia ya Trans Nzoia ina jibu lililo wazi. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba maofisa na askari wa Kizungu waliotoka vitani, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyogawiwa. Reli ilipofika Kitale katika miaka ya 1920, mji ulikuwa tayari ni kitovu cha walowezi, na wengi wao waliendelea kuitwa kwa vyeo vyao vya kijeshi: Kanali fulani, Meja fulani. Baada ya 1945 mpango wa namna hiyohiyo ulirudiwa kwa ajili ya askari wengine wa Kizungu. Wabukusu kutoka Bungoma, ambao malisho yao yalifika huko zamani, waliingia katika mashamba hayo kama vibarua na maskwota.

Kwa askari Mwafrika hapakuwa na mpango wa aina hiyo. Aliyerudi Bungoma mwaka 1946 na nishani kifuani aliweza kuitazama ardhi ya Kitale kwa mbali na kujua kwamba hiyo ilikuwa zawadi ya vita, ila si zawadi yake.

Usuli huu ukishajulikana, jina moja katika riwaya linapata uzito mpya. Mlowezi aliyetawala Sokomoko kabla ya uhuru anaitwa Majununi. Jina lake halisi ni Major Noon. Ndimi za wenyeji ndizo zilizoligeuza. Wasomaji wengi hulicheka jina hili na kuendelea. Lakini majununi kwa Kiswahili ni mtu mwenye wazimu. Hivyo mtunzi ameweka uwanjani askari wawili. Wa kwanza ni Mzungu mwenye cheo cha Meja, ambaye jina lake tu ndilo lenye wazimu. Huyu ndiye aliyemiliki ardhi. Wa pili ni Mwafrika mwenye wazimu wa kweli. Huyu hana hata mahali pa kuegemeza kichwa. Kinaya hiki kinakamilika pale ambapo mali ya Majununi haiwaendei waliomwaga damu bali inaangukia mikononi mwa Mtemi Nasaba Bora. Uhuru umebadilisha jina la mwenye shamba. Askari amebaki njiani.

Kwa mtazamo huu, Matuko Weye si pambo la riwaya. Ni hati ya deni ambalo halijalipwa, na kila anapopita mbele ya Mtemi deni hilo linasomwa upya.

Wazimu kama hukumu

Jambo la pili linalohitaji usuli ni wazimu wenyewe. Uhakiki umezoea kuueleza kwa njia mbili: kama matokeo ya vita au kama mbinu ya kifasihi, yaani mwendawazimu anayesema ukweli ambao wenye akili timamu wanauogopa. Maelezo yote mawili ni sahihi, lakini hayatoshi. Katika Bungoma wazimu una maana ya tatu, nayo ni ya kisiasa.

Elijah Masinde wa Kimilili, aliyepata kuwa mchezaji hodari wa kandanda na baadaye kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliikaidi serikali ya kikoloni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 serikali haikutosheka na kumshtaki. Ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alikokaa hadi 1947. Mtu aliyedai kwamba Wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe alihesabiwa kuwa mgonjwa. Mwezi Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Hata baada ya uhuru alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kabla ya kifo chake mwaka 1987.

Haisemwi hapa kwamba Matuko Weye ni Masinde. Masinde hakuwa askari, na Matuko hana wafuasi. Kinachosemwa ni kwamba mtunzi aliyetoka Bungoma alirithi jamii inayojua kuwa neno kichaa linaweza kuwa hukumu inayotolewa na dola. Matuko anapousema uovu wa Mtemi hadharani na kukamatwa na polisi, msomaji analazimika kuuliza: kama maneno yake ni upuuzi wa mwehu, pingu ni za nini? Dola haimfungi mtu kwa upuuzi. Kwa kumkamata, inakiri kwamba imemwelewa. Si ajabu kwamba Walibora, ambaye pia alichapisha utafiti juu ya masimulizi ya wafungwa wa kisiasa barani Afrika, aliona kwa makini mahali ambapo seli na wazimu hukutana.

Moyo mkunjufu: Matuko miongoni mwa wenzake

Inafaa sasa kumweka Matuko karibu na askari wengine wa fasihi ya eneo hili ili hulka yake ionekane vizuri zaidi. Boro katika Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o alirudi kutoka vita hivyohivyo, ndugu yake akiwa amefia huko. Kwake vita vimekausha moyo. Kilichobaki ni kisasi. Jere katika Betrayal in the City (1976) ya Francis Imbuga ni kinyume chake. Ametumwa pamoja na Mulili kuwazuia wazee wawili wasifanye ibada ya kunyoa nywele kaburini kwa mtoto wao. Mulili anashikilia amri, Jere anawaona wazazi wenye msiba. Huruma hiyo inamfikisha gerezani. Hamza katika Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah anaingia jeshi la Wajerumani kwa hiari, anaumizwa humo na mkubwa wake, lakini anarudi pwani akiwa bado anaweza kupenda na kupendwa.

Wahusika hawa wanaonyesha kwamba moyo mkunjufu wa askari huchukua sura tofauti. Kwa Jere ni huruma inayoishinda amri. Kwa Hamza ni upole uliookoka vita. Kwa Matuko ni jambo gumu zaidi kulitambua, kwa sababu limevishwa matambara na kelele. Ukunjufu wake umo katika kutojali nafsi yake. Hadai shamba lake wala pensheni yake peke yake. Anapaza sauti juu ya uovu unaowagusa wote, wakiwamo wale wanaomcheka. Boro ana akili timamu lakini moyo wake umefungwa. Matuko akili imemtoka, moyo ukabaki wazi.

Jina lake linathibitisha usomaji huu. Matuko ni vituko, mambo ya ajabu. Weye ni wewe kwa lafudhi ya kale. Jina zima ni kidole kinachoelekezwa kwa anayelitamka: mwenye matuko ni wewe. Kila anayemwita ili kumdhihaki anajidhihaki mwenyewe.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba usomaji huu unamtukuza mgonjwa na kuusahau ugonjwa wake, kwamba askari aliyeharibiwa na vita alihitaji tabibu kuliko kuhitaji kufanywa nabii. Pingamizi hili lina uzito. Riwaya yenyewe inamwacha Matuko bila matunzo, na baadhi ya vicheko inavyovichuma kwake vinakaribia ukatili. Hata hivyo, kutomtunza huko ni sehemu ya shtaka. Jamii inayomgeuza kichekesho inajiondolea wajibu wa kumtibu, kama vile dola iliyomgeuza Masinde mgonjwa ilivyojiondolea wajibu wa kumjibu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hulka ya Matuko Weye imejengwa juu ya tabaka tatu za historia ya Bungoma na Kitale: askari aliyeingia kwa bunduki mwaka 1895, ardhi iliyogawiwa askari wa rangi moja na kunyimwa wa rangi nyingine, na wazimu uliotumiwa kama hukumu dhidi ya wasema kweli. Kwa miaka kadhaa riwaya hii ilisomwa na wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya kama kitabu cha mtihani, na wengi wao walifundishwa kumwandika Matuko kwa neno moja: mwehu. Jibu hilo lilitosha kupata alama. Halitoshi kwa uhakiki, wala halitoshi kwa vijiji vya Bungoma ambako wazee waliorudi kutoka Burma walizikwa katika vishamba vyembamba, huku ardhi iliyolipa vita vya wengine ikionekana ng'ambo.